Koili ya Ferguson ya petroli: jinsi ya kuibadilisha mpaka trekta iwake (mwongozo kamili)

Wakuu, maswali ya koili (ile inayopandisha umeme wa betri mpaka uruke cheche kwenye plagi) za hizi trekta za Ferguson za kijivu yanafanana mpaka basi. Mmoja anasema "nimefunga koili mpya na bado haiwaki", mwingine "imewaka vizuri, nimelima kidogo ikazima, koili haishikiki kwa moto", mwingine "inawaka ila ikishika jembe inamisi". Ukifuatilia unakuta ni mambo matatu tu: koili ya zamani haikuwa mbovu, au mpya siyo aina yake, au waya mbili ndogo zimegeuzwa.

Kufungua na kufunga koili kwenyewe ni kazi ndogo sana, nati mbili, klempu na waya nene ya katikati. Shida iko kabla na baada ya hapo, kwahiyo ndo nitakaa huko zaidi.

Naongelea familia ya Ferguson TE20 yenye injini ya Standard ya silinda nne, yaani TEA20 ya petroli na TED20 inayowashwa kwa petroli alafu inahamia mafuta ya taa. Massey Ferguson 35 ya petroli nayo inafuata njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa.

Na kabla hujaenda popote, chungulia injini. Ukiona pampu ya dizeli na vibomba vya chuma vinapanda kwenye nozeli, trekta yako ni ya dizeli, haina koili, haina plagi za cheche, wala haijawahi kuwa nazo. Kuna watu wanazunguka maduka ya spea kutafuta koili ya MF 35 au 135 ya dizeli. Muuzaji mwenye njaa atakuuzia tu.

## Vitu vya kuandaa

- Multimita inayopima ohm (ukinzani wa umeme) ndogo, hata ile ya bei rahisi inatosha
- Taa ya majaribio ya 12V, yenye klipu upande mmoja na ncha upande mwingine
- Spana za inchi. Usilazimishe za milimita, zitakula vichwa vya nati
- Bisibisi bapa, kubwa na ndogo
- Koleo lenye mpini wa mpira mzima usiopasuka
- Fila geji (vibapa vya kupimia nafasi), msasa laini sana na kipande cha kadi ngumu safi
- Kondensa mpya (kakopo kadogo kanakopunguza cheche isiyotakiwa). Nunua tu hata kama unaona ya zamani nzima, bei yake ni ndogo ukilinganisha na koili
- Waya ya plagi yenye nyuzi za shaba ndani, kama mita moja. Siyo ile ya kaboni, sababu iko mbele
- Vichwa vya waya, vya duara na vya bapa
- Penseli ya mbao, ya risasi ya kawaida
- Tepu ya karatasi, kalamu na simu ya kupigia picha

Koili sijaiweka kwenye orodha makusudi. Utainunua baada ya hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Hakikisha koili ndo mbovu

Weka trekta sehemu tambarare yenye hewa, piga breki, weka kabari kwenye matairi ya nyuma. Funga koki ya petroli na ufute mafuta yoyote yaliyomwagika, maana hapa tunaenda kutengeneza cheche kwa makusudi na kabureta iko jirani. Kama una kifaa cha moyo kifuani, kazi hii mpe mtu mwingine, umeme wa koili ni maelfu ya volti.

Umeme unafika kwenye koili? Klipu ya taa iweke kwenye chuma kisafi cha injini, washa swichi, gusa ile taminali ya koili inayotoka kwenye swichi. Taa iwake vizuri. Isipowaka, koili haina kosa, rudi nyuma kwenye swichi, waya na betri. Ikiwaka kwa unyonge pima kwa multimita: pointi (viswichi vidogo vya ndani ya distributa, kile kinachogawa cheche kwa plagi) zikiwa zimefunga ukapata chini ya volti 11 wakati betri ina 12 na zaidi, kuna mahali umeme unaliwa njiani, mara nyingi ni swichi yenyewe au kichwa cha waya kilichoota kutu ya kijani.

Multimita ikikuonyesha alama ya kutoa, yaani minasi 12, usishtuke. Ferguson hizi zilitoka kiwandani na chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi (chuma cha trekta). Kumbuka hilo maana litarudi.

Umeme unakatwa na kuunganishwa? Sasa gusa taminali ya pili, ile yenye waya nyembamba inayoenda kwenye distributa. Mwenzako azungushe injini polepole kwa hendeli, plagi zikiwa zimetolewa ili iwe nyepesi na isiweze kuwaka ghafla. Taa iwe inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ikifanya hivyo, njia ya umeme mdogo iko sawa.

Ikibaki inawaka muda wote, pointi hazigusani au zina uchafu. Isipowaka kabisa usikimbilie kulaumu koili: chomoa ile waya nyembamba kwenye koili, gusa taminali tena ikiwa tupu. Taa ikiwaka sasa, koili inapitisha na tatizo liko ndani ya distributa. Inaweza kuwa pointi hazifunguki, au kondensa imeshoti, au waya imechubuka ikagusa bodi, au yule mwenzetu aliyefunga pointi mara ya mwisho alisahau kale kawasha ka plastiki kanakozuia waya isiguse chuma. Hako kawasha kameuzisha koili nyingi sana zisizo na hatia. Ila kama taa bado haiwaki na upande wa swichi umeme upo, basi waya ya ndani imekatika, koili imekufa kweli.

Pointi. Fungua kofia ya distributa, toa rota (kale kanakozunguka ndani), angalia nyuso za pointi. Zikiwa nyeusi au zina kishimo upande mmoja na kinundu upande wa pili, pitisha msasa kidogo alafu maliza kwa kadi ngumu ili kutoa vumbi na mafuta ya vidole. Pima nafasi zikiwa zimefunguka mwisho kabisa. Distributa nyingi za Lucas za enzi hizo zinataka inchi 0.010 mpaka 0.012, za baadaye kidogo 0.014 mpaka 0.016, kwahiyo soma kitabu cha trekta yako kuliko kukisia. Trekta iliyokaa muda mrefu bila kazi mara nyingi inakataa kuwaka kwa sababu ya utando tu kwenye pointi, unafuta na kadi inawaka.

Cheche yenyewe. Chomoa waya nene kutoka katikati ya kofia ya distributa, ishike kwa koleo lenye mpira, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka chuma kisafi cha injini, mbali na kabureta. Pointi zikiwa zimefunga na swichi imewashwa, zifungue kwa bisibisi ndogo kwa mshtuko. Koili nzima inatoa cheche ya bluu yenye mlio wa "tak". Cheche ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayokuja kwa kusuasua ni dalili ya koili kuchoka AU kondensa mbovu. Badilisha kondensa kwanza, rudia. Ukiona pia pointi zenyewe zinatoa cheche kubwa ya bluu zikifunguka, kondensa ni ya kutupa.

Cheche ikiwa safi hapo lakini kwenye plagi hamna kitu, koili haihusiki kabisa. Angalia rota na kofia, tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli uliochimbika kwenye plastiki, ndo njia umeme unapotorokea.

Ohm. Chomoa waya zote za koili. Gusanisha kwanza ncha mbili za multimita zenyewe usome ngapi, maana waya za mita nazo zina ohm zake, alafu utoe kiasi hicho kwenye kila kipimo kidogo. Kati ya taminali mbili ndogo, koili ya 12V isiyohitaji rezista (kipunguza umeme) inasoma kama 3 mpaka 3.5. Kati ya shimo la katikati na taminali yoyote ndogo, nyingi zinasoma kati ya 6,000 na 10,000, baadhi zinazidi kidogo. Isiposoma kabisa, imekatika.

Kipimo kizuri hakithibitishi kwamba koili ni nzima. Mita inatumia umeme kidogo mno, haiwezi kuonyesha koili inayovuja ndani ikibanwa na volti kubwa. Kipimo kibaya kinatosha kuihukumu, kizuri hakitoshi kuiachia.

Kwa wale ambao trekta inazima ikishapata moto: pima palepale ilipozima, usisubiri ipoe. Waya ya ndani iliyokatika inaweza kuachana ikipanuka kwa joto na kugusana tena ikipoa, ndo maana ukirudi nyumbani ukila ukarudi inawaka kama hamna kilichotokea. Ila kabla ya yote legeza kifuniko cha tenki la petroli. Kikisikika kinavuta hewa na injini ikawaka, tundu la kupumulia limeziba, safisha uendelee na kazi yako.

## Hatua ya 2: Chagua koili inayofaa

Hapa ndo pesa za watu zinapotea.

Kuna koili za 12V zinazofanya kazi peke yake, hizo ndo za ohm 3 na kitu. Alafu kuna zilizotengenezwa kufanya kazi na rezista pembeni, hizo zinasoma kama 1.5. Kwa macho zinafanana kabisa, kopo lilelile, taminali zilezile.

Piga hesabu: volti 12 gawa kwa ohm 3 unapata ampea 4, pointi zinavumilia. Volti 12 gawa kwa 1.5 unapata ampea 8, na pointi zikiwa zimefunga koili inakula karibu wati 96 badala ya 48. Trekta itawaka vizuri sana, tena utasifia cheche, alafu baada ya muda koili inachemka, pointi zinaungua na injini inazima katikati ya shamba. Ukikutana na ile "koili haishikiki", tisa kati ya kumi ni hii.

Koili za magari ya mfumo wa elektroniki zinasoma chini ya ohm 1. Hizo hata usijaribu.

Kwa namba, koili ya Lucas DLB101 ndo ya kawaida isiyohitaji rezista, DLB102 ndo ya rezista. Tofauti ni tarakimu moja, soma vizuri. Ukikosa, koili ya Land Rover za zamani za petroli zenye pointi au ya Volkswagen Beetle ya 12V kwa kawaida inaingia, na hizo huku kwetu zinapatikana kuliko za Ferguson yenyewe. Koili za pikapu za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 nyingi zilikuwa na rezista pembeni, kwahiyo pima kwanza.

Nenda dukani na multimita yako. Pima mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela, haijalishi boksi limeandikwa nini. Akikataa usipime, rudisha koili yake kwenye rafu.

Kama umeshanunua ya 1.5 na hairudishwi, unaweza kuifunga ukiweka rezista ya kauri ya ohm 1.5 kati ya swichi na koili, iwe ya wati kubwa na ifungwe kwenye chuma isiguse waya, maana inachemka. Kinyume chake usifanye: ukiweka rezista kwenye koili ya ohm 3, cheche inakuwa nyonge na asubuhi ya baridi haiwaki.

Angalia pia betri. Baadhi ya trekta za zamani ni za 6V na koili yake ni ya 6V. Kuna nyingine zilibadilishwa kuwa 12V na fundi fulani miaka hiyo, koili ya 6V ikaachwa palepale. Hiyo nayo itakuwa inasoma kama 1.5 na itakuwa inaungua.

Wenye Ford 8N za mwanzo, zile zenye distributa mbele ya injini, koili yenu ni ya mraba na inakaa juu ya distributa yenyewe. Kufungua kwake ni tofauti, msifuate hatua ya 5 na 6 hapa chini.

## Hatua ya 3: Kata umeme

Zima swichi. Fungua kwanza ile kebo ya betri inayoenda kwenye bodi. Sababu ni kwamba spana ikiteleza ikagusa chuma wakati unafungua kebo ya bodi, hamna kinachotokea. Ukianza na ile nyingine spana inaunganisha betri nzima ikiwa mkononi mwako, na pete ya ndoa ikiwa kidoleni inageuka moto.

Kwenye Ferguson ambayo haijaguswa, kebo ya bodi ni ya CHANYA. Usiangalie rangi, kebo zimeshabadilishwa mara nyingi na hakuna anayekumbuka. Angalia alama iliyochongwa kwenye betri, alafu ifuate kebo kwa macho mpaka inapoishia.

Andika kwenye karatasi: "chanya bodini" au "hasi bodini". Kama trekta imewekwa alteneta ya gari badala ya dainamo, karibu lazima iwe imegeuzwa kuwa hasi bodini.

## Hatua ya 4: Picha na alama

Piga picha koili kutoka pande tatu. Funga tepu kwenye waya inayotoka kwenye swichi uandike S, na ile ya distributa uandike D. Kama hujui ipi ni ipi, fuata kwa kidole mpaka mwisho, usikisie, zote zitakuwa nyeusi za mafuta.

Usiguse waya za plagi kama hamna sababu. Ukizichomoa, ziwekee namba, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 na ukizichanganya utadhani koili mpya ni mbovu. Distributa yenyewe usiizungushe hata kidogo. Kubadilisha koili hakuharibu taimingi, mikono ndo inaharibu.

## Hatua ya 5: Toa ya zamani

Chomoa waya nene ya katikati kwa kuizungusha huku unavuta, shika mpira, siyo waya. Kwenye koili nyingi za zamani waya hii haijachomekwa, imefungwa kwa kofia ya plastiki yenye nyuzi za skrubu. Ifungue kwa mkono. Ndani utakuta waya imepita kwenye kawasha ka shaba na vinyuzi vyake vimekunjwa nje kama petali za ua. Tunza hiyo kofia na hako kawasha.

Fungua nati za waya ndogo. Taminali ikitaka kuzunguka pamoja na nati, ishike kwa koleo pale chini, kwa sababu taminali ikizunguka inakata waya ndani. Kwa koili unayoitupa haijalishi, ila zoea mkono, kwa mpya utahitaji.

Legeza klempu, vuta koili. Imeng'ang'ania? Panua mdomo wa klempu kwa bisibisi, weka mafuta kidogo. Usigonge na nyundo, ukiipasua itamwaga mafuta yake yote juu ya injini.

Ukiona mafuta yameshavuja kuzunguka shingo ya koili, hata kama ilikuwa inawasha, umefanya vizuri kuitoa. Mafuta yale ndo yanayoipoza.

## Hatua ya 6: Funga mpya

Kabla ya kufunga, kwaruza vichwa vya waya mpaka shaba ing'ae. Waya iliyokakamaa na kukatika ngozi, ibadilishe leo leo. Koili nyingi mpya zina taminali bapa za kuchomeka badala ya nati, kwahiyo ubane vichwa vipya vinavyolingana. Usisokote waya kwenye taminali ukaizungushia tepu, trekta inatikisika, haitamaliza wiki.

Ingiza koili kwenye klempu, ikae kama ya zamani ilivyokaa, mbali na bomba la moshi. Kaza mpaka isizunguke kwa mkono, basi. Ukikaza mpaka kopo linabonyea unaweza kubana waya za ndani. Na wale wanaofunga waya ya ziada kutoka kopo la koili kwenda bodini wasijisumbue, koili ya aina hii haihitaji, klempu ni ya kuishikilia na kuisaidia kupoa.

Sasa zile waya mbili, soma karatasi yako.

Chanya iko bodini: waya S ya swichi iende kwenye alama ya kutoa (−), waya D ya distributa iende kwenye alama ya kujumlisha (+). Najua inaonekana kinyume. Ndo hivyo.

Hasi iko bodini: S iende kwenye (+), D iende kwenye (−).

Koili za zamani zimeandikwa SW na CB. SW ni upande wa swichi, CB ni upande wa pointi, na zilitengenezwa kwa trekta na magari ya chanya bodini. Ukiitumia kwenye iliyogeuzwa kuwa hasi, badilisha waya upande.

Ukikosea hapa trekta HAITAKATAA kuwaka, ndo maana watu hawagundui. Cheche inatoka ikiwa imegeuka, inataka volti nyingi zaidi kuruka kwenye plagi. Bila mzigo utaona kila kitu shwari. Ukishusha jembe, au asubuhi yenye baridi, au plagi zikianza kuchoka, inamisi.

Mwisho waya nene. Kama koili mpya ni ya kuchomeka na waya yako ni ya skrubu, usilazimishe, tengeneza waya nyingine fupi. Itumie ile ya shaba: kofia nyingi za Lucas zinashika waya kwa kiskrubu chenye ncha kinachotoboa ngozi na kugusa nyuzi za ndani, na kwenye waya ya kaboni hakipati cha kugusa. Sukuma waya kwenye koili mpaka usikie imefika chini. Ikiachwa juu kidogo cheche inaruka ndani ya shimo, inaacha unga mweupe au wa kijani, na baada ya muda inatoboa plastiki.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuwasha

Rudisha plagi, rudisha kebo ya betri, ile ya bodi mwisho. Swichi ikiwa imezimwa kusiwe na cheche kubwa wakati unagusisha.

Washa swichi bila kupiga stata, angalia ampea mita kwenye dashibodi. Pointi zikiwa zimefunga sindano inalala upande wa kutumia, kama ampea 4. Zikifunguka inarudi katikati. Zungusha feni kidogo kwa mkono (swichi ikiwa IMEZIMWA wakati unazungusha), washa tena uangalie, utaona tofauti. Sindano ikienda karibu 8, simama hapohapo, koili uliyofunga ni ya ohm 1.5.

Alafu zima. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa haizunguki, pointi zikiwa zimefunga koili inapikika taratibu. Wengi wanaua koili mpya siku ileile kwa kuacha swichi wazi wakati wanatafuta spana.

## Hatua ya 8: Washa

Fungua koki ya petroli, vuta choki kama injini ni ya baridi, washa swichi, peleka gia kwenye S. Uzuri wa Ferguson ni kwamba stata iko kwenye gia, ukiwa umeingiza gia ya kutembea haipigi.

Unaotumia hendeli: vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma gumba lililozungushwa kwenye mpini linavunjika.

Ikishawaka na kutulia, hakikisha cheche haijageuka kwa jaribio la penseli. Zima, vaa soli kavu, chomoa waya ya plagi moja, iache ikining'inia milimita chache kutoka kichwa cha plagi, washa tena. Penseli uishike kwa koleo kwenye mbao, risasi usiiguse, ncha iingize kwenye ile nafasi ambapo cheche inaruka. Kwenye kivuli utaona kimwali cha rangi ya chungwa kinatoka upande mmoja wa risasi. Kikielekea kwenye plagi, uko sawa. Kikielekea kwenye waya, zima na ubadilishe zile waya mbili ndogo za koili upande.

Ifanyishe kazi nusu saa, kazi kweli, jembe au haro, siyo kusimama inanguruma. Simamisha, gusa koili. Ya uvuguvugu wa kutosha ni kawaida. Kama unaondoa mkono kwa kuungua, rudi kwenye ohm.

## Bado inasumbua?

*Inawaka na kuzima ukiachia stata.* Umeme wa swichi haufiki kwenye koili ukiachia, kagua swichi na waya S kwa taa ya majaribio.

*Inapiga kwenye kabureta au silensa.* Waya za plagi umezichanganya, au distributa imezungushwa.

*Pointi zinaungua kila baada ya muda mfupi.* Koili ya ohm ndogo au kondensa. Kondensa mpya nazo mbovu zipo, jaribu ya pili kabla hujakata tamaa.

*Inamisi ikinyesha tu au asubuhi ya umande.* Kofia ya distributa na waya za plagi. Subiri giza liingie, washa injini, angalia. Utaona vimwali vya bluu vinatembea juu ya waya mbovu, hutahitaji kipimo kingine.